Damu Yangu Ilikataliwa kwa Mwanangu: Je, Ni Wangu?

Barua ya msomaji

Ndugu Mshauri,

Assalaam aleikum. Mimi ni mkazi wa Ngamiani hapa Tanga, nina duka dogo la khanga na vitenge jirani na soko, na nimejaaliwa mke na watoto watatu. Nakuandikia jambo ambalo nimeshindwa kulisema mbele ya imamu wetu na mbele ya wazee, kwa sababu kila nikijaribu ulimi huwa mzito.

Katika mwezi wa Ramadhani mtoto wetu wa mwisho, mwenye umri wa miaka mitatu, alishikwa na malaria kali hadi akaishiwa damu. Daktari alisema aongezewe damu usiku uleule, nami nikawa wa kwanza kukunja mkono wa kanzu. Baada ya vipimo kijana wa maabara alitoka na karatasi, akasema mbele ya ndugu wote waliokusanyika kwamba damu yangu ni kundi A na ya mtoto ni kundi O, hivyo siwezi kumpa. Mke wangu naye alipimwa akakutwa na kundi B, akakataliwa. Mama yangu mzazi, aliyekuwa ameketi kwenye benchi akivuta tasbihi, aliinuka akaomba apimwe yeye. Alikutwa na kundi O, akatoa damu, na mtoto akapona kwa uwezo wa Mwenyezi Mungu.

Balaa lilianza hapo. Kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyesoma zaidi katika familia yetu, alinivuta pembeni akaniambia: “A na B huzaa AB. Hii O imetoka wapi?” Akanikumbusha kwamba mtoto wetu wa kwanza ni AB na wa pili ni B, kama kadi zao zinavyoonyesha, na kwamba huyu wa tatu amekuwa mweupe kuliko wenzake tangu alipozaliwa. Niliporudi kumuuliza yule kijana wa maabara alitabasamu, akasema mambo ya nyumbani kwetu tuyamalize wenyewe. Sasa maneno yamefika hadi barazani tunapokunywa kahawa. Mama yangu ameniambia, “Kitanda hakizai haramu, funga mdomo wako ukalee watoto wako,” lakini moyo haukutulia. Nilihamia chumba cha uani, na baada ya Idi mke wangu akamchukua yule mdogo wakaenda kwa wazazi wake Pangani. Hajarudi.

Naomba unijibu mambo matatu. Je, inawezekana A na B kuzaa O? Imekuwaje damu ya bibi ikamfaa mtoto, na yangu mimi baba ikamkataa? Na je, nifanye kipimo cha vinasaba kwa Mkemia Mkuu?

Baba wa Watatu, Ngamiani, Tanga

Jibu la mshauri

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Nianze na jibu lenyewe kwa kuwa umesubiri vya kutosha: ndiyo, baba wa kundi A na mama wa kundi B wanaweza kumzaa mtoto wa kundi O, na jambo hilo si la ajabu wala si la nadra. Tena ushahidi kwamba wewe hasa unaweza kumzaa mtoto wa namna hiyo umo katika barua yako mwenyewe, na umo mara mbili, ingawa uliuandika kwa kupita. Kosa la kaka yako ni kosa la hesabu, basi nami nitalisahihisha kwa hesabu.

Wewe ni muuza khanga, kwa hiyo mfano huu hautakusumbua. Khanga huuzwa kwa doti, na doti ina vipande viwili. Chukulia kwamba kwa kila jambo la urithi kila mtu amebeba doti moja, yaani vipande viwili vya maagizo, kimoja alichopewa na baba na kingine alichopewa na mama. Anapozaa, hampi mtoto doti nzima, bali humkatia kipande kimoja tu kati ya viwili vyake. Mwenzake naye hutoa kipande kimoja. Na mtoto hupata doti yake mwenyewe, mpya, ambayo huenda haifanani na ya baba wala ya mama. Kipande kipi kitoke ni bahati tupu, na hakuna mzazi anayechagua. Vipande hivyo ndivyo wataalamu wanavyoviita jeni. Binadamu hubeba jeni zake katika jozi 23 za kromosomu, na jeni inayoamua makundi A, B na O iko katika kromosomu ya 9, ambayo haihusiki na kuamua kama mtoto atakuwa wa kiume au wa kike.

Jeni hiyo ina sura tatu kuu. Sura ya A hutengeneza kimeng'enya, yaani protini ya kazi maalumu mwilini, kinachobandika sukari ya aina fulani juu ya chembe nyekundu za damu. Sura ya B hutengeneza kimeng'enya kinachobandika sukari ya aina nyingine. Na sura ya O haibandiki kitu, kwa sababu ni jeni iliyoharibika zamani sana katika historia ya wanadamu, na mara nyingi uharibifu wenyewe ni herufi moja tu ya maagizo iliyokosekana. Mtu mwenye A na O hubandikiwa alama ya A na kile kipande chake kinachofanya kazi, na kijana wa maabara anapoitazama damu yake huona A tu. Maabara husoma alama zilizo juu ya chembe. Vipande viwili vilivyo ndani haivioni. Kwa hiyo neno “kundi A” katika karatasi yako lina maana mbili zinazowezekana, ama A na A, ama A na O, na karatasi haikuambii ni ipi. Hapa ndipo kaka yako alipoteleza: aliisoma karatasi kana kwamba inaorodhesha kila ulichobeba.

Sasa tuirudie barua yako. Mama yako ni kundi O. Mtu huwa kundi O pale tu vipande vyake vyote viwili vinapokuwa O, kwa sababu angekuwa na kimoja cha A au cha B kingeonekana. Basi mama yako hana kingine cha kuwapa watoto wake isipokuwa O, na hiyo ndiyo aliyokupa wewe. A yako umeipata kwa baba yako, O yako umeipata kwa mama, nawe umeibeba maisha yako yote bila kuijua. Huo ni ushahidi wa kwanza.

Ushahidi wa pili ni mtoto wako wa kati, ambaye hakuna aliyemtilia shaka. Umesema yeye ni kundi B. Kama ungempa A, angekuwa AB kama mkubwa wake. Kwa kuwa A haikuonekana kwake, kilichotoka kwako ni O, na B imetoka kwa mama yake. Yaani ile O inayokukosesha usingizi ilikwisha kupita mikononi mwako kabla huyu wa tatu hajazaliwa, ila safari ile ilifunikwa na B ya mama na hakuna aliyeiona. Kama kaka yako angeifuata hesabu yake hadi mwisho, angemkana na mtoto huyu pia, kwa kuwa kwake yeye A na B huzaa AB tu.

Kuhusu mke wako, hakuna anayebisha kwamba yeye ndiye aliyemzaa mtoto. Mtoto ni O na O, kwa hiyo kimoja kimetoka kwake. Naye basi ni B na O. Wazazi wa namna hii, A na O kwa upande mmoja, B na O kwa upande mwingine, wanaweza kuzaa makundi yote manne, AB, A, B na O, na kila moja lina nafasi moja kati ya nne katika kila mimba. Nasisitiza maneno “katika kila mimba”, kwa kuwa watu hudhani nafasi hizo hupangwa foleni, kwamba mtoto wa kwanza akichukua hii wa pili atachukua ile. Hakuna foleni, kila mimba huanza upya. Ukipiga hesabu kwa wazazi kama ninyi wenye watoto watatu, utaona kwamba katika nyumba 64 za namna hiyo tunatarajia takriban 37 ziwe na angalau mtoto mmoja wa kundi O. Ni zaidi ya nusu. Nyumba yako imo katika zilizo nyingi.

Elimu hii si ya jana. Gregor Mendel, mtawa aliyeishi katika mji wa Brno, ambao leo uko katika Jamhuri ya Cheki, alipanda njegere kwa miaka mingi na mwaka 1866 akachapisha alichokiona. Alichavusha njegere za mbegu za mviringo kwa njegere za mbegu zenye makunyanzi, na kizazi cha kwanza kikatoka chote cha mviringo, kana kwamba makunyanzi yamepotea. Alipoacha kizazi hicho kijichavushe chenyewe, alihesabu mbegu 5,474 za mviringo na 1,850 za makunyanzi, karibu tatu kwa moja. Sifa iliyodhaniwa kupotea ilikuwa imejificha tu. Karl Landsteiner aliyaeleza makundi ya damu huko Vienna mwaka 1901, lakini namna yanavyorithiwa ilileta ubishi kwa miaka, kwa kuwa wataalamu wengi walidhani A na B ni urithi wa aina mbili zinazojitegemea. Aliyemaliza ubishi huo mwaka 1924 alikuwa Mjerumani Felix Bernstein, ambaye hakuwa tabibu, bali mwanahisabati: alionyesha kwamba ni jeni moja yenye sura tatu. Kwa hiyo kaka yako asione haya sana. Hata mabingwa walihitaji mtu wa hesabu.

Swali lako la pili ni jepesi. Damu yako haikumkataa mwanao kwa sababu si wako. Mwili wa mtu wa kundi O una kingamwili dhidi ya alama ya A na dhidi ya alama ya B, na ukimpa chembe zenye alama hizo kingamwili huzishambulia na kuzivunja, jambo linaloweza kumuua. Ndiyo maana hata mama yake aliyembeba tumboni alikataliwa, na hakuna aliyesema mtoto si wake. Chembe za damu ya bibi hazina alama yoyote kati ya hizo mbili, hivyo zilipita salama, na zingepita vilevile kama angezitoa mpita njia wa Chumbageni mwenye kundi O. Kufaa kwa damu si kipimo cha nasaba. Ila andikeni mahali kwamba mtoto huyu huongezewa chembe nyekundu za kundi O tu, ili siku nyingine ya dharura msipoteze muda kukunja mikono isiyofaa.

Nitakuwa si mkweli nikikuacha udhani kwamba nimethibitisha mtoto ni wako. Makundi ya damu yana uwezo wa kumtoa mtu katika orodha ya wanaoweza kuwa baba, lakini hayana uwezo wa kumthibitisha, kwa sababu wanaume wengi wanaweza kutoa O. Katika miaka ya 1940 mchekeshaji wa sinema Charlie Chaplin alishitakiwa huko Marekani kwamba amezaa mtoto na mwanamke mmoja. Mama alikuwa kundi A, mtoto B, Chaplin O. B ya mtoto ilikuwa lazima itoke kwa baba, na mtu wa kundi O hana B ya kutoa. Hata hivyo jopo la kesi liliamua mwaka 1945 kwamba yeye ndiye baba. Pale damu ilisema “haiwezekani” na watu hawakusikia. Kwako damu imesema “inawezekana kabisa” na watu wamesikia kinyume chake. Kama karatasi yako ingesomeka AB, swali la kaka yako lingekuwa na uzito, na hata hapo ningekuambia kwanza upimwe tena, kwa kuwa karatasi huandikwa na watu na watu hubadilisha chupa, na kwa kuwa wapo watu wachache sana ambao urithi wao wa damu hutoka nje ya kanuni hii ya kawaida.

Kuhusu weupe wa mtoto sina mengi. Rangi ya ngozi haiongozwi na jeni moja bali na jeni nyingi, kila moja ikiongeza au kupunguza kidogo, na ndugu wa tumbo moja hugawana jeni hizo kwa bahati tofauti. Katika mwambao huu, ambako damu za bara, za visiwani na za ng'ambo zimechanganyika kwa karne nyingi, mtoto kumrudia babu wa babu yake kwa rangi si habari ya kujadiliwa barazani.

Sasa kipimo cha vinasaba. Kipo, na hufanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya Sheria ya Udhibiti wa Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009. Mtu binafsi haendi tu dirishani na mtoto mkononi. Ombi hupitia kwa mamlaka zinazotambuliwa, kama vile mahakama, wakili au ofisa ustawi wa jamii. Kipimo hicho, tofauti na makundi ya damu, hulinganisha sehemu nyingi za vinasaba kwa pamoja na hutoa jibu la uhakika. Lakini jiulize unakwenda kuuliza nini. Shaka yako yote imesimama juu ya O moja na rangi ya ngozi, na vyote viwili vimekwisha kuelezwa. Hukuandika kwamba mkeo alibadili mwenendo, wala kwamba uliwahi kumtilia shaka kabla ya usiku ule wa hospitali. Kumburuta mwanamke kwa wakili kwa sababu mkwe wake ni kundi O si jambo ambalo mimi ningekushauri. Na kama moyo utakataa kabisa, basi usilifanye kwa siri wala kwa hila. Mwambie mwenyewe, uso kwa uso, ukijua kwamba neno hilo likishatoka halirudi.

Mama yako alikupa methali, nawe ukaiona kama ni ya kukunyamazisha. Methali ile inalinda heshima ya mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa, na inasimama bila kuhitaji maabara. Safari hii maabara nayo haina neno la kuipinga, na wewe huna sababu ya kubaki chumba cha uani. Nenda Pangani mwenyewe, usitume mtu, wala usiende na kaka yako. Mbele ya wazazi wake sema ulichomtuhumu na useme kwamba hakikuwa na msingi, kwa kuwa aibu aliyoipata aliipata mbele za watu. Ukitaka, chukua barua hii na karatasi za vipimo, umwonyeshe baba mkwe ile hesabu ya mtoto wa pili. Wazee wa Pangani hawashindwi na hesabu ya vipande viwili.

Liko jambo moja la urithi ambalo nyumba yako ilipaswa kuuliza na haikuuliza, kwa kuwa wote mlikuwa mnaitazama O. Mtoto aliishiwa damu kiasi cha kuongezewa. Malaria kali peke yake inatosha kuleta hali hiyo kwa mtoto wa umri huo, hasa katika mkoa kama wetu. Hata hivyo, hukusema kama alipimwa selimundu, ugonjwa wa kurithi unaoharibu chembe nyekundu za damu, na Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi zaidi duniani huzaliwa na ugonjwa huo. Hukadiriwa kuwa ni wapatao 11,000 kwa mwaka. Nao hufuata kanuni ileile: baba na mama wenye afya njema, kila mmoja akiwa amebeba kipande kimoja tu cha jeni ya selimundu bila kujua, wanaweza kupata mtoto aliyepokea vipande vyote viwili, na nafasi ni moja kati ya nne katika kila mimba. Wenye kipande kimoja ni wengi kwetu kwa sababu kipande hicho kimoja humkinga mtoto dhidi ya malaria kali, jambo ambalo mtafiti Anthony Allison alilichapisha mwaka 1954 baada ya uchunguzi wake hapa Afrika Mashariki. Sisemi kwamba mwanao anaugua. Nasema kwamba mkirudi kliniki mwombe daktari kipimo kinachochambua aina ya himoglobini, yaani protini iliyo ndani ya chembe nyekundu, na ninyi wazazi mpimwe pia. Mkipewa karatasi yenye herufi A na S, msizichanganye na haya makundi ya damu, kwa sababu A ile ni himoglobini ya kawaida na S ni ya selimundu; A ile si A hii.

Imebaki habari ya kaka yako. Kama mama yenu ni mmoja, naye pia amepewa O na mama huyohuyo, hata kama kadi yake inasoma A au B. Mwambie aende akapime. Matokeo yake yanaweza kuwa A, B au O, lakini hayawezi kuwa AB, na akirudi na karatasi iliyoandikwa AB, aitilie shaka karatasi hiyo kabla ya kumtilia shaka mtu yeyote.